Safu ya Shangazi: Jumuiya imenikataza kumtaja marehemu wetu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi wa umma, Mkatoliki. Nilikuja Dodoma wizara yetu ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, na sasa nimepanga Ilazo. Mume wangu alibaki Dar na biashara yake. Akipata nafasi hupanda treni ya SGR Ijumaa jioni, Jumapili anageuza. Shule zikifungwa tunamfuata sisi. Ndivyo wengi wa mtaani kwetu wanavyoishi, kwa hiyo hilo silalamikii.

Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka 22, anajifunza ufundi magari kwenye gereji huko Dar. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, aliondoka gereji kurudi nyumbani, hakufika. Unakumbuka siku zile zilivyokuwa: mtandao umezimwa, Dar watu wameamriwa wasitoke usiku, simu inaita haipokelewi. Dada na shemeji walizunguka hospitali mpaka wakampata, ameshakufa kwa risasi. Zaidi ya hapo hakuna aliyetueleza kitu. Tulimzika Kongwa, kwa babu yake. Sisemi alikuwa wapi wala alikuwa anafanya nini, kwa sababu sijui, na mama yake hajui.

Huyu kijana alisoma sekondari akiwa kwangu. Alilala chumba kimoja na mwanangu wa kwanza, ambaye mpaka leo hamwiti binamu, anamwita kaka.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, yaani sisi Wakatoliki majirani wa mtaani, husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika. Oktoba yote tulisali Rozari nyumba kwa nyumba, na kwangu walikuja. Tuliporudi kutoka kuzika, nilikwenda nikijua nimefika kwa watu wangu. Wakati wa maombi nikasema, "Tumwombee mtoto wetu aliyeuawa kwa risasi Oktoba 29." Mwenyekiti akanikatiza: "Mama, mambo ya siasa tuyaache nje. Tuwaombee marehemu wote kwa ujumla." Mtu akapaza wimbo, sala ikaendelea. Baadaye nikaambiwa kwamba hata mkono wa pole hautatoka, kwa kuwa katiba ya jumuiya inataja mume, mke, mtoto na wazazi. Mtoto wa dada hayumo.

Siku ile ile, kwenye kundi letu la WhatsApp, mwanajumuiya mmoja akaandika kwamba waliokufa walijitakia wenyewe. Hakuna aliyemjibu. Huyo tunafanya naye kazi jengo moja huko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, tunapishana kwenye ngazi. Tangu hapo jumuiyani sijakanyaga.

Mume wangu anasema nikae kimya, nisije nikapoteza kazi. Mwanangu, yuko kidato cha tatu, amegoma kwenda Misa. Anasema Padri aliombea mvua, akaombea wanaofanya mitihani, kaka yake hakuombewa. Usiku silali, naangalia video za siku zile kwenye simu mpaka macho yanauma. Rafiki yangu wa ofisini ananivuta kwenye kanisa lao la maombezi, anasema huko watu wanalia kwa uhuru.

Nihame, Shangazi? Ninyamaze kama mume wangu anavyotaka? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Jina la marehemu nimekuandikia pembeni. Naomba usilichapishe.

Mama wa Wawili, Ilazo

*

Marahaba mwanangu. Pole sana wewe, na pole kwa dada yako na shemeji yako. Mtoto wa dada ni mtoto wako, katiba ya jumuiya iwe imeandika hivyo au haikuandika. Mmefiwa na mtoto, na nitakujibu kama ninavyomjibu mama aliyefiwa na mtoto.

Nianze na hilo lililokuchoma zaidi, la kuambiwa kwamba jina lake ni siasa.

Katika Kanisa lako kumwombea marehemu kwa jina ni jambo la kila siku. Novemba nzima ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Waamini wanaandika majina, wanapeleka parokiani, yanasomwa. Kijana wenu amekufa siku chache kabla ya Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote. Na siku hiyo hiyo, Novemba 2, 2025, Papa Leo XIV baada ya sala ya Malaika wa Bwana aliitaja Tanzania mbele ya dunia nzima. Alisema anaiombea, kwamba baada ya uchaguzi kumetokea machafuko na watu wengi wamepoteza maisha, akahimiza watu waache vurugu na wafuate njia ya mazungumzo. Novemba 14 hapa hapa Dodoma, Rais Samia alipolihutubia Bunge jipya, alitoa pole kwa familia zilizofiwa na akatangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea. Kama msiba huu umetajwa Vatican na umetajwa bungeni, sioni ni kwa nini usitajwe sebuleni Ilazo, kati ya watu waliosali Rozari pamoja mwezi mzima.

Najua neno "walijitakia" ndilo linalokukosesha usingizi. Umeniambia hujui alikuwa anafanya nini, na nimekuheshimu kwa kutobuni hadithi ya kumsafisha. Sasa chukua Biblia yako ufungue Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 39. Yuda Makabayo na watu wake wanakwenda kuwachukua wenzao waliouawa vitani wakawazike. Wanapowainua, wanakuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za miungu ya kigeni, vitu vilivyokatazwa kabisa na Sheria. Kila mtu pale anaelewa kwamba hawa wamekufa na dhambi mwilini. Yuda angeweza kusema walijitakia. Badala yake watu wote wanaomba dhambi ile ifutwe, Yuda anapitisha mchango, anapeleka fedha Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao. Kanisa Katoliki linaposema marehemu waombewe, hapo ni mojawapo ya mahali linaposimama. Kwa hiyo hata kama siku moja ikajulikana kwamba kijana wenu alikuwa barabarani na mawe mkononi, bado anaombewa. Na kama alikuwa anarudi tu nyumbani na mikono yake ya grisi, anaombewa. Swali la alikuwa anafanya nini lina mahali pake pa kuulizwa, na wanaopaswa kulijibu wapo. Halimzuii mtu kusema Raha ya milele umpe ee Bwana.

Daudi alimlilia Sauli kwa jina, mtu aliyemwinda miaka ili amuue. Hilo nakuachia ulisome mwenyewe.

Sasa huyo mwenyekiti wako. Mimi sidhani ana moyo mbaya, na nitakueleza kwa nini.

Nimeishi Dodoma tangu siku ambazo jioni ukitoka nje ulikuwa unamjua kila unayekutana naye. Makao makuu ya nchi yaliamuliwa yaje hapa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi uhamisho wenyewe ulikwenda kwa kusuasua. Amri ya mwaka 2016 ndiyo iliyowaleta ninyi kwa wingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama laki nne na kumi na moja katika eneo ambalo leo ni jiji. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Nyumba zimeota Ilazo, Kisasa, Nzuguni mpaka Ihumwa, kila moja na ukuta wake na geti lake. Na watu wengi humo ndani ni kama wewe: amekuja na barua ya kazi, ndugu zake wako mbali, anayeishi ng'ambo ya ukuta ni mkuu wake wa idara au ni karani wa mkuu wake. Jumamosi alfajiri mnakaa kwenye mkeka mmoja, Jumatatu mnakutana Mtumba. Katika jumuiya ya namna hiyo mtu hapimi tu kama neno ni la kweli. Anapima litafika wapi. Mwenyekiti alisikia "risasi" na "Oktoba 29" katika sentensi moja, akaona sura za waliokuwamo chumbani, akaogopa. Aliogopa kwa ajili yake, na huenda aliogopa na kwa ajili yako. Wale waliosoma "walijitakia" wakanyamaza, wengi wao naamini walikuwa wanaogopa vile vile. Wewe ulikaa na kimya chao ukadhani ni jibu.

Woga hauhalalishi walichokufanyia. Walikuacha na maiti yako peke yako, na hilo ni kosa, tena kosa la Kikristo. Lakini mtu mwoga humwendei kama unavyomwendea mtu katili. Ukimbishia hadharani ataogopa zaidi.

Na jiji hili si kwamba halijui kumlilia mtu lisiyemjua. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilipata ajali kati ya Igandu na Msagali, watu 281 wakafa. Miili ililetwa mjini ikalazwa Uwanja wa Jamhuri, ndugu wakaja kutoka kila mkoa kutafuta wao. Wanawake wa hapa, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, wengine hawana hata ndugu aliyewahi kupanda treni, walibeba maji na uji, wakawashika wageni mikono. Mimi nilikuwamo. Hakuna aliyemuuliza mtu katiba ya kikundi chake inasemaje. Nakubali, ajali ni nyepesi kuililia kuliko kifo cha mkono wa mtu, kwa sababu ajali haimlazimishi anayelia achague upande. Hata hivyo nyumba za Dodoma zina watu wanaokumbuka jinsi ya kukaa na mfiwa, na baadhi yao wako kwenye jumuiya yako. Hasa wale mama wenyeji wanaokaa nyuma na kusema kidogo. Watafute hao.

Fanya hivi. Wiki hii nenda ofisi ya parokia uandikishe nia ya Misa, yaani Misa iadhimishwe kwa ajili yake. Mwandikie jina lake kamili la ubatizo, "marehemu fulani", basi. Hapo huhitaji kueleza alikufaje, na hakuna mwenyekiti wa jumuiya mwenye mamlaka ya kulizuia. Toa sadaka kadiri ya uwezo wako. Kama mwezi umekubana usiogope, sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini hata pasipo sadaka. Siku itakaposomwa, dada yako awepo. Nauli akikosa, huyo mume wako mwenye biashara amlipie tiketi ya treni, chini ya saa nne yuko kwako. Pale mtasikia jina la mtoto likitamkwa altareni kati ya majina mengine, ya wazee waliokufa kwa presha na watoto waliokufa kwa malaria. Huko ndiko alikostahili kuwa tangu siku ya kwanza.

Ukiwa hapo parokiani omba dakika chache na Paroko au msaidizi wake. Mwambie yote, pamoja na lile la kukatizwa. Padri huenda hajui kabisa kilichotokea jumuiyani, maana taarifa zinazomfikia ni za michango na mahudhurio.

Halafu mwenyekiti. Mfuate nyumbani kwake, peke yenu, mchana. Usimwandikie kwenye simu, na lile kundi la WhatsApp liache lilivyo. Mle ndani hakuna kitu kitakachopona, na kila unachoandika kinaweza kupigwa picha kikatumwa usikokujua. Mwambie: "Mwenyekiti, sikuja kulaumu. Nimefiwa na mtoto niliyemlea. Naomba jumuiya ije kwangu Jumamosi moja tusali kwa ajili yake." Mkono wa pole usiutaje, katiba itajadiliwa siku yake, ingawa kwa maoni yangu kipengele kinachomtupa nje mtoto wa dada kimeandikwa na watu waliosahau walivyolelewa. Akisema anaogopa, mpunguzie mzigo: maombi utayasema wewe mwenyewe, kwako, kwa kinywa chako. Useme jina, umri, siku aliyofariki, kisha uwaombee wote waliofariki siku zile, raia na mwenye sare, na familia zao. Nani alifyatua na kwa amri ya nani, usiseme. Hujaona, na chumba kile si mahakama.

Hapo nadhani ndipo mume wako nawe mtakapokutana. Anachoogopa ni kweli. Mtumishi wa umma hatakiwi kufanya siasa kazini, na siku hizi watu ni wepesi kumtafsiri mtu. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayenong'ona. Lakini mume wako anadhani kuna mambo mawili tu, kupiga kelele au kunyamaza. Mwonyeshe hilo la tatu, la kumwombea mtoto kwa jina lake bila kumshitaki mtu. Kama kuna ushahidi, karatasi za hospitali, mtu aliyeona, hayo ni ya mama yake na baba yake kuamua wayapeleke wapi na lini, wakiwa na mwanasheria pembeni. Wewe usiwatangulie, na usiwazuie.

Yule wa jengo lenu aliyeandika walijitakia, mkipishana kwenye ngazi msalimie kama kawaida. Usimfuate kumweleza. Siku jumuiya itakapokuja kwako, na yeye aalikwe kama wengine. Akija, ataketi chini ya picha ya mtoto aliyemsema. Asipokuja, amejijibu.

Kuhusu kuhama, sikushauri. Kanisa la rafiki yako silisemi vibaya, na kulia kunahitajika. Lakini huko utalia kati ya mamia ya watu ambao jioni wanarudi Area C na Mkonze na Miyuji, na wewe unarudi Ilazo nyuma ya geti lako, na jirani wa ukuta wa pili bado hajui kwamba una msiba. Wewe umeshatenganishwa na mume kwa kazi, na ndugu kwa umbali. Usijitenge tena na watu wachache ambao mtoto akiugua usiku wa manane wanaweza kufika kwa miguu. Kama baada ya haya yote, Padri ameelezwa, mwenyekiti amefuatwa, bado wanakukatalia, niandikie tena, nami nitakuwa wa kwanza kukwambia utafute jumuiya nyingine.

Zile video zifute. Sisemi usahau, wala sisemi kuna ubaya kujua kilichotokea nchini mwako. Habari soma, mchana, ukiwa umeketi. Lakini umekuwa ukitafuta uso wake usiku kwenye picha za watu wengine, siyo? Hayumo mle, mwanangu. Na mtoto wako analala ukuta wa pili, anaiona taa ya simu chini ya mlango.

Huyo mtoto ndiye nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyesema jambo la maana kuliko sisi wote. Kaka yake hakuombewa, ni kweli, na usimbishie. Usimwambie Mungu ana mipango yake. Usimlazimishe kwenda Misa Jumapili hii kwa fimbo wala kwa machozi. Mpe Zaburi ya 13 aisome, ni fupi, inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake. Aone kwamba hasira yake imo ndani ya Biblia, tena imewekwa iimbwe. Halafu umpe kazi. Unapokwenda kuandikisha nia ya Misa, nenda naye, yeye ndiye aandike jina la kaka yake kwa mkono wake. Siku litakaposomwa mwambie saa ya Misa na umwache aamue. Na Jumamosi jumuiya ikija kwenu, somo la Injili alisome yeye, kama atakubali. Akikataa, apange viti.

Shangazi